Ukoo wa Neno Cheki

Kijana anayemwambia mwenzake "nicheki jioni" analitumia neno lililozaliwa kwenye kiti cha enzi. Cheki yetu ni mtoto wa check ya Kiingereza, na babu wa check ni shah wa Uajemi. Mfalme Darius alipochongesha habari zake kwenye jabali la Bisotun, yapata miaka 520 kabla ya Kristo, cheo chake kiliandikwa kwa neno refu. Karne zilipopita likafupika, likawa shah.

Kilicholitoa ikulu ni mchezo. Sataranji ilitoka India ikaingia Uajemi, kisha Waarabu walioiteka nchi hiyo katika karne ya 7 wakaubeba mchezo na maneno yake mpaka Hispania. Ukimtishia mfalme wa mwenzako ulimwonya kwa kutamka "Shah!" Akikosa pa kukimbilia, "Shah mat": mfalme hana la kufanya. Wafaransa wakasema eschec, Waingereza wakalikata kichwa wakabaki na check. Wingi wa eschec ndio uliozaa chess, jina la mchezo wenyewe. Na kwa kuwa mfalme akitishwa mengine yote husimama mpaka aokolewe, check ikawa kuzuia, na baadaye kukagua.

Tawi ninalolipenda zaidi ni la meza. Tangu enzi ya Henry I, mwanzoni mwa karne ya 12, hesabu za hazina ya Uingereza zilifanywa juu ya meza ya futi 10 kwa 5, yenye ukingo wa vidole vinne ili kitu kisidondoke. Ilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, mfano wa ubao wa sataranji. Namba za Kirumi ni taabu kujumlisha, kwa hiyo peni, shilingi na pauni zilipewa kila moja safu yake, na vihesabio vikasogezwa juu ya kitambaa. Sherifu aliyekusanya mapato ya mfalme alifika kila Pasaka na kila Septemba, akakabiliana na mweka hazina. Richard FitzNeal, aliyeshika kazi hiyo ya uweka hazina, aliandika katika miaka ya 1170 kwamba wawili hao walipambana kama wachezaji wa sataranji. Meza ikaitwa exchequer, na mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza anabeba jina lake.

Katika karne ya 18 mabenki ya London yaliogopa hati za kughushi, yakawa yanabaki na kishina cha kulinganishia. Kishina kikaitwa check, kisha jina likahamia kwenye hati yenyewe. Waingereza wakaiandika cheque kwa kuifuata exchequer. Wamarekani wakabaki na check, ambayo kwao ni bili ya mgahawani pia. Sisi tuna hundi, neno la wafanyabiashara wa Kihindi.

Kitambaa cha miraba nacho Waingereza wanakiita check, kwa sababu ya ubao ule ule. Hapo ndipo ninapowaona Waswahili kwa fahari: shati la miraba kwetu ni shati la drafti. Hatukutafsiri. Tuliutazama ubao wetu wenyewe tukaiona nguo.

Tena tawi moja la ukoo huu halikupitia Ulaya kabisa. Lilifika pwani kwa bahari, na bingwa wa watunzi wa mashairi bado tunamwita shaha wa malenga. Shaha na cheki ni damu moja iliyotufikia kwa njia mbili.

Juzi jioni nilisimama kijiweni nyuma ya wazee wawili. Ubao umechorwa kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha mbao, kete ni vizibo vya soda, vya huyu vimefunikwa, vya yule vimefunuliwa. Mmoja alisukuma kizibo chake kwa kidole, kikabakiza hatua moja tu kuwa kingi.

"Cheki hapo, mzee mwenzangu."

Mwenzake akashika kidevu, asiguse kitu.