Kabla ya Subaru kulikuwa na Peugeot: Safari Rally na sisi watu wa Moshi

Wadau, kuna ubishi mmoja hapa Moshi ambao haujapata mshindi na sidhani kama utampata. Pita gereji yoyote Majengo, Pasua au Njoro siku ya Jumamosi mchana, utawakuta vijana wamezunguka boneti lililofunguliwa. Mmoja anaapa kwa Subaru Impreza, mwingine hasikii la mtu kwa Altezza yake, wa tatu anasema nyie wote hamjaendesha Mark II yenye turbo. Halafu wanaingia kwenye mambo yenyewe: oili gani inafaa, shokapu za wapi zinadumu, kwa nini gari linalokimbia vizuri Dar likifika Marangu linakohoa. Ninapenda magari, kwa hiyo huwa nasogea na kusikiliza. Lakini kila mara najiuliza, hivi hawa ndugu zangu wanajua kwamba ubishi huu ni mkubwa kwa umri kuliko baba zao?

Leo naomba turudi nyuma kidogo. Wengi wetu tukisikia Safari Rally tunajua ni mambo ya Kenya, tena ya Naivasha, hasa tangu mbio hizo ziliporudishwa kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Si kosa, ndivyo tulivyokuta. Ila ukweli ni kwamba kwa miaka 20 ya mwanzo Safari ilikuwa yetu pia, na kutoka Nairobi kwenda pwani ya Tanganyika, njia inakuleta hapa hapa, miguuni pa Kilimanjaro.

Kwa wasiofahamu, mbio hizo zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Zilipita nchi 3: Kenya, Uganda na Tanganyika. Inasimuliwa kwamba jamaa mmoja wa Kenya, Eric Cecil, alikuwa akimshawishi binamu yake Neil Vincent washindane kwenye uwanja wa magari wa Langa Langa. Vincent akagoma. Akasema kuzunguka uwanja hakumpi raha, yeye anataka mashindano ambayo mtu anatoka mlangoni kwake, anakatiza Afrika, anarudi nyumbani, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Wazo likamwingia Cecil, na Safari ikazaliwa. Mwaka 1960 ikabadilishwa jina, ikaitwa East African Safari.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Miaka ile ya mwanzo magari hayakupangwa kwa ukubwa wa injini kama ilivyo kawaida ya mbio. Yalipangwa kwa bei yake ya dukani! Waandaaji walitaka mtu wa kawaida ajue, kwa hela aliyonayo mfukoni, gari gani litahimili barabara za Afrika Mashariki. Na magari yenyewe yalikuwa yale yale ya dukani. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilishinda mwaka 1954, ikarudia 1957 na 1962. Hebu fikiria, gari ambalo mwalimu au daktari wa misheni angeweza kuwa nalo, ndilo lililowaacha wengine kwenye matope. Kwa hiyo Safari haikuwa burudani tu. Ilikuwa kama soko la ushauri: watu walitazama nani amefika na nani amebaki njiani, kisha wakaenda kununua.

Na kubaki njiani ndiyo ilikuwa kawaida. Mbio zilihamia sikukuu ya Pasaka, yaani katikati ya masika. Anayeijua masika ya kwetu hahitaji maelezo. Udongo mwekundu wa mlimani ukilowa unakuwa sabuni. Ukishuka kwenye mbuga, ule udongo mweusi unameza tairi hadi kwenye ekseli. Na mvua ikikatika siku mbili tu, vumbi la Sanya linaingia hadi kwenye meno. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Erik Carlsson wa Sweden, bingwa mkubwa wa Ulaya aliyekuwa akiendesha Saab, mwaka 1963 aligonga mhanga alipokuwa anaongoza na ushindi ukamponyoka. Huyo huyo ndiye anayekumbukwa kwa kulipindua gari lake makusudi, likabiringika kutoka kwenye tope, kisha akaendelea na safari!

Makampuni makubwa ya Ulaya yalikuja na hela, madereva na spea. Yakashindwa. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva wa kutoka nje aliyeshinda. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Gunnar Palm na Ford Escort, mwaka 1972. Ndiyo kusema kwa karibu miongo miwili washindi walikuwa watu wanaoishi huku na kuzijua njia za huku.

Je, walikuwa na siri gani? Nimewatazama washindi wawili, na nadhani jibu limo humo.

Wa kwanza ni Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932. Kabla ya sifa zote alikuwa fundi. Alijifunzia kazi gereji ya baba yake, baadaye akawa mtu wa doria wa chama cha wenye magari, yule anayekwenda kuwatengenezea walioharibikiwa barabarani. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na mdogo wake Jaswant kwa Volvo PV544, na gari hilo halikuwa jipya, lilikuwa mtumba uliokwisha kutumika kwenye mbio. Akashinda tena 1974 na 1976, hayo yakiwa ya Mitsubishi Lancer.

Wa pili ni wa kwetu kabisa. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam na kufanya kazi kwenye biashara ya magari, alishinda mwaka 1966 na akarudia 1967, mara zote mbili na Chris Rothwell na Peugeot 404. Huyu alitoka Tanzania, si Nairobi. Leo ukiuliza vijana 10 wanaopenda magari hapa mjini, sijui kama utapata mmoja anayelijua jina hilo. Lakini muulize mzee yeyote kuhusu Peugeot, atakwambia lilikuwa gari la nguvu.

Mtu anayejua kutengeneza gari anaendesha tofauti. Analisikia. Anajua mlio wa bearing inayoanza kufa, harufu ya klachi, na usukani unaovuta upande mmoja. Kwa hiyo hakimbii kuliko gari lake linavyoweza. Safari haikushindwa na aliyekanyaga mafuta zaidi, ilishindwa na aliyefikisha gari likiwa zima.

Lazima niseme na jambo jingine, maana historia isiyosemwa yote ni nusu ya uongo. Katika miaka ile ya ukoloni waliokaa nyuma ya usukani walikuwa Wazungu, na Wahindi wachache. Wazee wetu hawakuwa nyuma ya usukani, walikuwa chini ya gari. Majina yao hayamo kwenye orodha za washindi. Lakini ujuzi hauna kiti cha kupangiwa. Aliyeshika spana kwenye gereji ya Mhindi mchana, jioni alirudi Kibosho, Uru au Old Moshi na ujuzi wake kichwani.

Na ujuzi huo ulikuja kutuokoa. Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam, lakini muda si mrefu, katikati ya miaka ya 1970, ikabaki Kenya peke yake. Mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Ikaja vita ya Kagera, ikaja hali ngumu. Spea hakuna, tairi hakuna, na Jumapili mchana magari binafsi yalizuiwa kutembea ili kubana mafuta. Kipindi hicho ndicho kilichowakomaza mafundi wa Moshi. Gasketi ilikatwa kwa mkono, springi ikafuliwa upya, Peugeot moja ikafa ili tatu zipate kuishi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na baadaye mitumba ya Japani ikamwagika, mafundi hao ndio walioipokea.

Kuna mzee mmoja fundi, Kiborloni, ambaye huwa nampitia kumsalimu. Nikishamwamkia shikamoo na yeye kuitikia marahaba, haanzi kuzungumzia injini. Anaanza na breki. Siku moja nilimuuliza gari lipi ni zuri kati ya haya ya spoti. Akanijibu, "Mwanangu, gari zuri ni lile linalosimama. Kukimbia hata jiwe linakimbia, likisukumwa mlimani."

Basi kwa faida ya wadau, nimekusanya mawaidha ya mzee huyu na wenzake. Ni yale yale yaliyokuwa na maana wakati wa Safari.

Kwanza, mwinuko. Dar iko usawa wa bahari, Moshi mjini ni zaidi ya mita 800, na geti la Marangu ni karibu mita 1,900. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu 1 ya 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Gari la kabureta hapo huanza kula petroli kuliko hewa, linatoa moshi mweusi na plagi zinashika masizi. Magari ya sasa yenye kompyuta yanajirekebisha, ila nguvu iliyopungua imepungua. Usilaumu fundi, wala usibadilishe plagi kila ukienda Rombo.

Pili, kushuka. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Ukishuka kutoka Marangu hadi Himo mguu ukiwa kwenye breki muda wote, zinapata moto na kufika mahali hazishiki. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kusimama, ziache zipoe zenyewe, usizimwagie maji.

Tatu, tairi. Usitazame kashata peke yake. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu 4 za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Ikiandikwa 3512, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2012. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo.

Nne, kimo. Vijana wanapenda kukata springi gari likae chini. Madereva wa Safari walifanya kinyume, walilinyanyua gari na kufunga bamba la chuma kukinga sampu. Jiwe moja la barabara ya Uru likipasua sampu, oili yote inamwagika, na injini ya mamilioni inakufa ndani ya dakika chache.

Tano, maji. Rejeta ikichemka usiifungue mfuniko papo hapo. Zima, subiri ipoe, kisha utafute maji yamekwenda wapi.

Kwenye hilo la tairi naomba nisimame kidogo. Kijana mmoja tuliyesoma naye, mtu mcheshi sana, alinunua Impreza yake ya kwanza kwa hela aliyoidunduliza miaka mitatu. Fundi alimwambia, kashata ipo lakini tairi hizi zimezeeka, usitoke nazo safari ndefu. Akasema atabadilisha akifika nyumbani. Ilikuwa Desemba, na ninyi mnajua Desemba sisi watu wa Kilimanjaro tunakwenda wapi. Tairi la nyuma lilipasuka kati ya Same na Mwanga, akiwa spidi. Mlima alishauona. Tulimzika tarehe 24, mgombani nyuma ya nyumba ya baba yake, na ile nyama ya Krismasi ikaliwa msibani.

Ndiyo maana siwezi kuicheka ile mizaha kwamba fulani ametoka Dar hadi Moshi, karibu kilomita 550, kwa saa kadhaa na dakika kadhaa. Watu wanashindana nani amevunja rekodi, kana kwamba kuna mtu mwenye bendera anawasubiri Himo. Wanaona wanaiga rally. Hawaigi rally hata kidogo. Madereva wa Safari walitumia miezi kuandaa gari kabla ya siku 4 za kuendesha. Sisi tunaandaa muziki, kreti za soda na mbuzi, halafu tairi tunaliachia Mungu.

Penda magari, ndugu yangu. Nami nayapenda. Beba na ubishi wako wa Subaru na Altezza mpaka uzeeni. Lakini jua kwamba kwenye mbio ngumu kuliko zote zilizopita hapa kwetu, aliyeheshimiwa ni aliyefika. Watani wetu wanasema Wachagga Desemba tunakwenda kuhesabiwa. Sawa, basi na tufike, tuhesabiwe tukiwa hai. Kabla hujatoka Dar, inama utazame zile tarakimu 4.