Joubert Park: Umeme uliotangulia petroli

Kando ya bustani ya Joubert Park, katikati ya Johannesburg, mabasi madogo ya abiria hujipanga kwa wingi katika kituo cha mtaa wa Noord. Msikilizaji wa Nairobi angeyaita matatu, wa Dar es Salaam daladala. Wenyeji huyaita teksi. Mafuta yake ni petroli au dizeli.

Haikuwa hivyo tangu awali. Tramu za kwanza za mji huo, mwaka 1891, zilivutwa na farasi. Mwaka 1906 umeme ukachukua nafasi ya farasi, na mwaka 1936 yakaongezwa mabasi yaliyopata umeme kutoka nyaya za juu. Gharama ya nyaya na karakana ilibebwa na baraza la mji. Walionufaika zaidi, hata hivyo, walikuwa Wazungu. Waafrika walitengewa magari machache. Tramu ya mwisho iliondolewa mwaka 1961, na basi la mwisho la umeme mwaka 1986. Miaka miwili baadaye sheria ya 1988 ililegeza masharti ya usafiri, na teksi za Waafrika, ambazo nyingi zilikuwa zikiendeshwa bila kibali, zikapata uhalali. Waafrika walipata usafiri walioumiliki wenyewe, ila deni la gari nalo likawa la mwenye gari peke yake.

Deni hilo ndilo kikwazo cha umeme kurejea. Ufundi wenyewe si fumbo tena. Katika miaka ya 2020 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, chini ya Profesa Thinus Booysen, waligeuza teksi ya petroli kuwa ya umeme: injini, tangi na bomba la moshi hutolewa, mota na betri hufungwa, bodi na viti hubaki. Nairobi nako, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kuitwa Roam tangu 2022, iligeuza hivyo magari ya watalii. Lakini betri hula sehemu kubwa ya gharama, na mwenye kambi ya watalii si sawa na mwenye teksi moja ya mkopo.

Baina ya pilikapilika za asubuhi na za jioni, teksi nyingi husimama kituoni zikisubiri, jua likiwa utosini. Saa hizo zingetosha kuzichaji kwa kiasi kikubwa, lau kituo kingekuwa na mitambo.