Ferroviário ya Maputo: timu ya wanawake, misimu ya 2018 na 2019

Ferroviário ya Maputo ni klabu ya michezo ya Msumbiji iliyoanzishwa mwaka 1924 na yenye uhusiano wa tangu zamani na shirika la reli na bandari la nchi hiyo, CFM. Timu yake ya wanawake ya mpira wa kikapu ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mara mbili mfululizo: mwaka 2018 nyumbani Maputo, na mwaka 2019 mjini Cairo. Katika fainali zote mbili iliifunga Interclube ya Luanda, klabu ya polisi wa Angola.

Uzito wa ushindi wa 2018 unaonekana ukikumbuka yaliyotangulia katika mji huohuo. Timu ya taifa ya wanawake ya Msumbiji ilikuwa imefika fainali ya Afrika mara tatu ikiwa mwenyeji, na mara tatu ikalikosa kombe mbele ya watu wake: mwaka 1986 ilishindwa na Zaire, mwaka 2003 na Nigeria, na mwaka 2013 na Angola kwa pointi 64 kwa 61. Pengo la pointi tatu ni mtupo mmoja tu wa mbali. Fainali hiyo ya mwisho iliipa Msumbiji nafasi yake ya kwanza katika Kombe la Dunia, lililochezwa Uturuki mwaka 2014. Hata hivyo wapenzi wa kikapu wa Maputo walibaki na deni, na miaka mitano baadaye Ferroviário ikalilipa, tena dhidi ya Waangola.

Klabu za Maputo hazikuwa ngeni kwa kombe hili. Desportivo ililichukua mwaka 2007 na 2008, na Liga Muçulmana mwaka 2012. Msimu wa klabu hizi hupitia ubingwa wa mji na mashindano ya taifa kabla ya yale ya Afrika. Huko, katika miaka hiyo, hapakuwa na mechi za kwenda na kurudi. Timu zilikusanyika katika mji mmoja na kucheza karibu kila siku, kuanzia makundi, kisha robo fainali na nusu fainali hadi kombe. Mashindano ya namna hiyo humpa ushindi mwenye benchi refu, si mwenye nyota mmoja. Kikosi cha Ferroviário kilikuwa na wachezaji waliokomaa, akiwemo Anabela Cossa, mlinzi mwenye uzoefu wa miaka mingi katika timu ya taifa, pamoja na Ingvild Mucauro na Odélia Mafanela.

Wachezaji wengine wa Msumbiji hulazimika kutafuta riziki nje. Leia Dongue, aitwaye Tanucha, alichezea Primeiro de Agosto ya Luanda, kisha akaenda Hispania. Kabla yake Clarisse Machanguana, mzaliwa wa Maputo, alicheza fainali ya vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1997 akiwa na Old Dominion, kisha akaingia WNBA na Los Angeles Sparks mwaka 1999.

Karibu yote haya ni habari ya kusini mwa nchi. Jina la Ferroviário limesambaa pamoja na reli na bandari, kutoka Maputo hadi Beira, Nampula na Nacala. Lakini kaskazini, mkoa wa Cabo Delgado hauna reli. Mbau, katika wilaya ya Mocímboa da Praia mkoani humo, iko zaidi ya kilomita 2,400 kutoka Maputo kwa barabara, katika pwani ya Wamwani, ambao lugha yao ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili. Miaka ya ubingwa ilikuwa miaka ya vita huko. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaupiga mkoa. Agosti 2020 mji wa Mocímboa ukaangukia mikononi mwa waasi, na ukakombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda, ambayo yaliingia Mbau mwezi huohuo.

Si haki kuilaumu klabu kwa pengo hilo kati ya kusini na kaskazini. Lakini taifa lenye mabingwa wa Afrika linapaswa kumtafutia msichana wa Mbau mpira, goli na mwalimu palepale alipo. Kombe la Klabu Bingwa lenyewe halikuchezwa mwaka 2020 na 2021 kwa sababu ya UVIKO-19. Liliporudi Maputo mwaka 2022, lilichukuliwa na Sporting ya Alexandria.