Mbwa Kupoteza Rangi ya Ngozi: Sababu Zake na Wakati wa Kuwa na Wasiwasi

Pua iliyokuwa nyeusi kama mkaa inaanza kuwa na doa la rangi ya waridi. Wiki zinapita, doa linakua. Midomo nayo inatoka mabaka, halafu nywele nyeupe zinaota kuzunguka macho ya mbwa ambaye bado kijana. Mwenye mbwa anaanza kusikia maneno ya majirani: huyo ana ukoma, huyo amerogwa, huyo kichaa kinamnyemelea, mmalize kabla hajatumaliza.

Wasikilizaji wetu wa Pande na vijiji vya jirani hapa Kilwa wanatuuliza jambo hili, na tunaelewa kwa nini. Mbwa anayelala shambani akizuia nguruwe pori na nyani wasiingie kwenye mahindi na mihogo ni mlinzi ambaye hana badala. Ukimuua bure, msimu ule ule unaona hasara yake. Jibu letu fupi ni kwamba rangi ikipotea peke yake, mbwa akiwa anakula, anakimbia na hana kidonda, mara nyingi hana ugonjwa wa kumuua wala wa kukuambukiza. Lakini zipo hali chache ambazo si za kupuuza.

Rangi ya ngozi na nywele, kwa mbwa kama kwa binadamu, inatokana na kitu kinachoitwa melanini. Ndani ya ngozi kuna seli maalumu ambazo kazi yake ni kuitengeneza. Seli hizo zikifa, zikizuiwa kufanya kazi au zikiungua, sehemu hiyo inabaki nyeupe au ya waridi, na nywele zinazoota hapo zinakuwa nyeupe. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nini kimezigusa seli hizo.

Mbalanga ya mbwa

Mbalanga tunaifahamu kwa watu: mabaka meupe yasiyouma wala kuwasha. Mbwa pia huipata, na madaktari huiita vitiligo. Kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia seli za rangi kana kwamba ni adui. Kwa kawaida huanza mbwa akiwa kijana, kwenye pua, midomo, kope na pedi za miguu, na baadaye nywele za usoni zinaweza kuwa nyeupe. Imeonekana zaidi kwa mbwa wa Kijerumani wanaotumiwa na polisi, kwa Rottweiler, kwa Doberman na kwa aina moja ya mbwa wa Ubelgiji. Mbwa wetu wengi ni wa kienyeji, lakini damu zimechanganyika.

Mbwa mwenye mbalanga haumwi. Hakuna dawa inayotegemewa kurudisha rangi, ingawa kwa baadhi yao hurudi yenyewe, kidogo au yote. Anachohitaji ni kivuli. Ngozi isiyo na melanini haina kinga dhidi ya jua, na jua la pwani mnalijua. Pua nyeupe inayoungua kila siku kwa miaka inaweza kuja kuota saratani, kwa hiyo mjengee banda dogo la makuti kule shambani alale mchana. Usimpake losheni au krimu za watu. Ataziramba, na nyingine zina madini ya zinki yanayomdhuru.

Watoto huzaliwa pia na pua ya waridi ikabaki hivyo maisha yote. Hiyo ni asili yao, sawa na mtu kuzaliwa na doa. Na ukisoma kwenye simu habari ya pua inayopauka wakati wa baridi, ujue ni jambo la nchi za theluji.

Chombo cha chakula

Hapa kuna sababu ambayo wengi hawaifikirii. Mbwa wa shambani hulishwa kwenye kipande cha tairi au dumu lililokatwa. Vitabu vya madaktari wa mifugo vimeonya kwa muda mrefu kwamba baadhi ya kemikali za mpira na plastiki zinaweza kuzuia utengenezaji wa melanini pale zinapogusana na ngozi kila siku, yaani puani na midomoni.

Kwa binadamu jambo hilo lina historia. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi ambao mikono yao ilitoka mabaka meupe. Chanzo kilikuwa glavu za mpira walizovaa kazini. Ndani ya mpira ule kulikuwa na kemikali iliyowekwa ili usizeeke haraka, nayo ni ya ukoo mmoja na haidrokwinoni. Kama jina hilo si geni masikioni mwako, ndiyo hiyo hiyo iliyopigwa marufuku katika vipodozi hapa Tanzania, ile ya mkorogo.

Hatusemi kila mbwa anayekula kwenye tairi atapauka. Wengi hawapauki. Lakini kama weupe umekaa puani na midomoni tu, badilisha chombo. Sufuria kuukuu au chungu kinatosha, na subiri miezi kadhaa uone.

Makovu

Mbwa wetu wanapata majeraha mengi. Waya wa mtego, kamba iliyobana shingo, meno ya nguruwe pori, na tuseme ukweli, maji ya moto anayomwagiwa akisogelea jiko la mtu. Jeraha likizama hadi kuziua seli za rangi, kovu linabaki jeupe na nywele zake nyeupe. Weupe wa namna hii una mpaka unaoonekana, haukui, na ukikumbuka vizuri utajua ulianzia wapi. Kama ni mstari unaozunguka shingo, legeza kamba kwa wale wengine.

Wakati wa kuwa na wasiwasi

Itazame pua yenyewe. Pua ya mbwa mzima ina vinundu vidogo vidogo, kama ganda la fenesi lililopunguzwa. Katika mbalanga vinundu hubaki, rangi tu ndiyo inayoondoka. Ukiona pua imekuwa laini, ina rangi ya kijivu, kisha inatoka magamba, inapasuka na kuvuja damu, huo ni ugonjwa mwingine. Mara nyingi ni kinga ya mwili inayoila ngozi ya pua, na jua huuchochea. Una matibabu, na unahitaji mtaalamu, kwa sababu saratani ya ngozi nayo inaweza kuanza hivyo hivyo.

Macho ni dharura. Upo ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia seli za rangi za ngozi na zile zilizomo ndani ya jicho kwa pamoja. Macho yanakuwa mekundu, mbwa anayafumba kwenye mwanga, anaanza kugonga vitu, na weupe wa pua na kope unakuja pamoja au baadaye kidogo. Umeonekana sana kwa mbwa wa Kijapani aina ya Akita, na ni nadra. Lakini asipotibiwa mapema anapofuka.

Kwa huku kwetu, jicho jeupe lina sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Maeneo yenye mbung'o, mbwa huweza kupata nagana, na kioo cha jicho kikaingia ukungu wa maziwa. Anakonda, ana homa, anachoka. Watu husema amekuwa mweupe macho kwa uzee. Mbwa wa miaka mitatu hajazeeka.

Tena kuna weupe usiohusu ngozi kabisa, na kwa maoni yetu huu ndio unaoua mbwa wengi huku tukishughulika na pua: weupe wa fizi. Fizi zikipauka, damu imepungua. Kupe wa mbwa huleta vijidudu vinavyoharibu damu, na minyoo ya safura huinyonya tumboni, hasa kwa watoto. Kama mbwa ni wako na ni mpole, inua mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole kisha achia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Wenye fizi nyeusi kwa asili, tazama ndani ya kope ya chini. Akiwa mweupe huko, usingoje gulio lijalo.

Oili chafu

Ushauri unaotembea vijijini ni kumpaka mbwa oili iliyotolewa kwenye pikipiki. Hutumiwa kwa upele na ukurutu, sasa tunasikia hata kwa mabaka meupe. Oili hiyo inaunguza ngozi, na mbwa akijiramba anaimeza pamoja na vyuma vilivyomo. Inaweza kumuua. Upele wa kweli unawasha, unanyonyoa nywele, mara nyingi huanzia kingo za masikio na viwiko, na baadhi yake huwawashia watu pia. Una dawa yake, ila kipimo apewe na anayejua. Sindano ya ng'ombe ikikisiwa kwa macho, mbwa anaweza kufa.

Ukoma na kichaa

Mbwa haleti ukoma kwa watu. Kama ni wewe uliye na baka lisilo na hisia, nenda zahanati, dawa za ukoma hutolewa bure, na mbwa muache.

Kichaa cha mbwa nacho hakibadilishi rangi ya ngozi. Kinabadilisha tabia: mpole anakuwa mkali au mkali anakuwa mpole ghafla, mate yanamtiririka, anashindwa kumeza, anapooza. Mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010 katika wilaya 28 za nchi yetu, na kilichofundishwa wakati ule bado ndicho kile kile. Mpeleke mbwa akachanjwe kila mwaka, awe mweusi au mwenye mabaka. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Jambo moja la huku pwani. Wengi wetu tunafuga mbwa wa kulinda shamba, jambo ambalo dini inaruhusu, lakini hatumgusi na haingii ndani. Ndiyo sababu mabadiliko huonekana yakiwa yamekomaa. Unapompelekea chakula, mtazame uso kwa hatua mbili tatu. Inatosha.

Ukiona dalili tulizotaja, mtafute afisa mifugo wa kata. Mpige mbwa picha mchana, kivulini, pua kwa karibu na jicho kwa karibu, uzionyeshe. Mwambie weupe ulianza mwezi gani, ulianzia wapi, kama unakua, anakula kwenye chombo gani na alichanjwa lini. Kama pua ina kidonda, anaweza kuhitaji kukata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara, kwa hiyo usimpake chochote kabla hajaja.