Ngoro ya Wamatengo na Majani Yafukiwayo

Nchi ya Wamatengo ni ile milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, ambayo upande wa magharibi huteremka hata ufuko wa Ziwa Nyasa. Ziwa li kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya vilele hukaribia meta 2,000. Mvua ni nyingi na miteremko ni mikali. Shamba lisilolindwa huporomoka bondeni pamoja na maji.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi ya Songea, na Wamatengo wakajikusanya milimani, hasa pande za Litembo, wapate ngome. Usalama ulipatikana, lakini ardhi ikawa haba. Desturi ya kuhama na kuliacha shamba lipumzike miaka mingi haikuwezekana tena. Hapana budi udongo ule ule ulishwe ili uendelee kulisha watu. Katika dhiki hiyo kilimo cha ngoro kilishika mizizi.

Kazi huanza mwezi wa Machi, mvua zikielekea kwisha. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, shamba likafanana na wavu uliotandazwa mlimani. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila jicho la wavu na kuufunika juu ya nyasi. Hivyo hupatikana matuta pande nne na shimo katikati. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza. Magugu na mabua hutupwa shimoni, yakaoza pamoja na udongo uliokokotwa na maji.

Utaratibu huu una hekima yake. Nyasi kavu zinapoanza kuoza huzuia kwa muda naitrojeni ya udongo; lakini maharage, kwa msaada wa vijidudu vya mizizini, hujipatia sehemu ya naitrojeni kutoka hewani. Mahindi, yenye ulafi zaidi, huja nyasi zikiwa zimekwisha kulainika na kuwa mbolea.

Wageni waliona kwanza kile kinachoonekana. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records juu ya hifadhi ya udongo kwa Wamatengo, na katika maandishi ya Kiingereza kilimo hiki kimezoea kuitwa kwa jina la mashimo. Jina hilo si la uongo, ila ni nusu ya habari: shimo huzuia maji, lakini rutuba imelala chini ya tuta. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Ujapani, walioanza utafiti wao miaka ya 1990, waliitazama ngoro kama mfumo mzima.

Jambo hili si dogo. Mapema katika miaka hiyo ruzuku ya mbolea za viwandani iliondolewa hatua kwa hatua, na mkulima asiye na fedha akabaki na kile kiotacho shambani mwake. Neno huandikwa ngoro, ngolo, au ingolu. Mtunga kamusi atakayelifasiri kuwa ni shimo tu atakuwa ametaja tundu, akasahau chakula cha udongo.