Mhojiwa Namba 14

Barua ya utambulisho ikifika kwa mtendaji wa kata Chiungutwa, imeshachoka. Imetoka chuoni, ikapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa kule Mtwara, ikashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya pale Masasi, ikalala siku mbili mezani halmashauri, na kila ilipopita imegongwa muhuri. Mtendaji anaisoma mpaka chini, anagonga wa kwake mahali palipobaki nafasi, kisha anasogeza kitabu cha wageni. Kwenye safu ya sababu ya kufika, kijana mwenye begi mgongoni anaandika neno moja: utafiti. Akitoka hapo anatafuta bodaboda ya kumfikisha kijijini na hojaji zake, maana bila hojaji hakuna sura ya nne, ile ya matokeo, na bila sura ya nne hakuna tasnifu.

Nami niliwahi kusimama mbele ya meza kama ile, na barua kama ile. Nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya korosho. Mmoja wa watu niliowahoji ni mjomba wangu wa hapo Chiungutwa, kaka yake mama. Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao sawia, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Alinikalisha chini ya mkorosho asubuhi nzima, akaeleza, mimi nikaandika. Lakini kanuni za chuo zinataka majina ya watu yafichwe. Basi mzee huyu, ambaye kwao hata mtoto wa chekechea anamjua kwa jina, akaingia kwenye kazi yangu kama Mhojiwa Namba 14.

Wakati ule nilijiona ndiye wa kwanza kuchukua daftari na kuwauliza wazee wa kwetu. Kumbe foleni ilikuwa ndefu.

Mwaka 1906, majivu ya Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani hayajapoa na misheni za Masasi na Lukuledi zimeungua mwaka mmoja tu nyuma, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi akapanda bara. Alipita Masasi, akapiga kambi Chingulungulu kwa Matola, mkubwa wa Wayao, kisha akakwea uwanda wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Alikuja na kamera, mashine ya kunasa sauti kwenye nta na nyingine ya kupigia picha za sinema. Aliwagawia watu penseli na karatasi wamchoree wanachokiona. Mwaka 1908 matokeo ya safari yalichapishwa Ujerumani, na baadaye Weule akawa profesa kamili wa elimu ya mila za watu hukohuko Leipzig. Yeye hakuja kutafuta shahada. Njia aliyoifungua, hata hivyo, wenye kutafuta shahada waliifuata: unakuja kiangazi, unauliza, unaondoka na mizigo, kitabu kinatoka mbali.

Mwaka 1955 Mmarekani J. Gus Liebenow alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Newala ndiyo iliyompa kisa: jinsi Waingereza walivyohangaika kuwatafutia Wamakonde machifu, watu ambao kila kijiji kilikuwa na mkulungwa, mkuu wake, na hawakuwa na mfalme wa kumpelekea kodi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1971. Mwaka 1966 Edward Alpers naye alipata udaktari London kwa kuandika biashara ya Wayao, ya pembe na ya watumwa, iliyounganisha Ziwa Nyasa na Kilwa. Kazi zote mbili ni nzuri, nimezisoma kwa faida. Ila inachekesha kidogo kwamba wazee wa kusini walianza kuwapatia watu vyeti ng'ambo kabla wajukuu wao wenyewe hawajajua chuo kikuu kikoje.

Mlango wa wajukuu ulifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilipoanza kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kitivo kimoja tu, cha sheria. Shahada zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Katikati ya hapo wanafunzi walianza kutakiwa waandike utafiti wao wenyewe. Wa sayansi ya siasa walikuwa na mtihani wao wa saba, ambao haukuwa mtihani wa kukaa darasani bali tasnifu fupi, na nyingi za enzi hizo bado zinatajwa kwenye tanbihi za vitabu.

Kwa wanahistoria kulikuwa na kikwazo kingine. Historia ya Ulaya iliandikwa kwa nyaraka. Sasa mtu aandike nini juu ya watu ambao nyaraka zao ni vichwa vya wazee? Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo na Rwanda, alikuwa amechapisha mwaka 1961 kitabu cha kuonyesha kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kupimwa na kulinganishwa kama hati. Isaria Kimambo aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya Wapare kwa masimulizi ya namna hiyo, akaimaliza mwaka 1967. Mlimani, Terence Ranger alikuwa mkuu wa idara ya historia tangu 1963, na akajiunga naye kijana John Iliffe, ambaye tasnifu yake ya Cambridge ilihusu utawala wa Wajerumani baada ya Maji Maji. Iliffe alikuwa amewasoma Wajerumani mpaka akawamaliza. Waliobaki kusikilizwa ni waliopigana nao.

Hapo ndipo likaja la mwaka 1968, na kwangu mimi hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia ya tasnifu nchini. Idara ya historia iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini kukusanya habari za Maji Maji. Piga hesabu: aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na 78 wakati huo. Wangechelewa miaka kumi wangekuta makaburi. Vijana wale hawakuhitaji mkalimani wala mtu wa kuwaonyesha njia. Wengi walirudi maeneo ya kwao, wakaanza na shikamoo, wakakaa mkekani, wakauliza maji yale ya dawa yalikuwa nini, nani aliyaleta, nani alikataa kuyanywa. Mzee aliyekuwa akimjibu ofisa wa serikali kwa kichwa tu, alimjibu mjukuu kwa maneno.

Karatasi zao zilichapwa kwa mashine ya stensili zikakusanywa kwa jina la mradi wa utafiti wa Maji Maji, kila mahojiano na namba yake. Ukifungua leo kitabu chochote kizito juu ya vita ile, popote kilipoandikwa duniani, chini ya kurasa utazikuta namba hizo. Mwaka huohuo Iliffe na Gilbert Gwassa walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita, na mwaka 1973 Gwassa akamaliza udaktari wake juu ya chanzo na mwenendo wa Maji Maji, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtanzania, juu ya vita vya Tanzania, katika chuo cha Tanzania. Lililobaki geni ni lugha: mzee alisema kwa lugha ya kwao au kwa Kiswahili, tasnifu ikatoka kwa Kiingereza.

Kiingereza hicho kiliwalisha wapiga chapa wengi. Kabla ya kompyuta, ukishamaliza kuandika kwa mkono ulimtafuta mwenye taipureta. Akikosea neno kwenye karatasi yenye kaboni nne chini yake, kosa lilikuwa mara tano. Supavaiza akitaka aya moja ihamishwe, ukurasa mzima unarudiwa, na ukurasa ukirefuka, sura nzima inahama. Leo tunasema “korekisheni” kama kitu cha jioni moja.

Baadaye Maji Maji yakapungua, korosho zikaingia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zaidi ya 140,000. Kufika 1986/87 hazikufika hata 20,000. Anguko kama hilo ni mgodi kwa mwenye kutafuta mada. Wengine waliandika bei, wengine vyama vya ushirika, wengine kuhamishwa watu kwenda vijiji vya ujamaa, wengine ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Lugha zetu nazo hazikusahauliwa: mwaka 2005 Peter Kraal alitetea Leiden, Uholanzi, tasnifu juu ya sarufi ya Kimakonde, lahaja ya Chinnima inayosemwa Newala. Kiswahili chenyewe kilipata idara yake Mlimani mwaka 1970, na mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuandika na kutetea kwa lugha aliyomhojia mzee.

Sasa hivi huhitaji hata kwenda Dar es Salaam. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Mtwara, na tangu 2009 pana chuo cha Stella Maris mjini hapo. Walimu wa sekondari wanaandika tasnifu usiku, ada ikisubiri mnada wa korosho. Steshenari za Masasi zinajua kanuni za kila chuo: nafasi kati ya mistari, upana wa pambizo, rangi ya jalada.

Nakala huenda kwa msimamizi, kwa idara na kwa maktaba. Hakuna kifungu kinachosema nakala ya nne iende Chiungutwa, na mimi kwa miaka mingi sikuipeleka. Nilipoipeleka, imebaindiwa jalada jeusi kwa herufi za dhahabu, mjomba alivaa miwani, akauliza yeye yuko ukurasa gani. Nilimfungulia sura ya nne. Ilibidi nimweleze kwamba Mhojiwa Namba 14 ndiye yeye.

“Umenipa namba kama gunia,” akasema, akaendelea kusoma, kidole kikifuata mstari. Mjukuu alikuwa akimtafsiria panapozidi. Alifika nusu ya ukurasa akasimama.

“Hapa umekosea, mwanangu. Umeandika tuliiacha mikorosho kwa sababu ya ubwiriunga. Mimi nilikwambia tulihamishwa kwanza. Ubwiriunga umekuja umeikuta haina mwenyewe.”

Akamwambia mjukuu alete penseli.