Rimoti Tatu za Bibi

Kabla rimoti hazijaingia majumbani Bongwe, rimoti ilikuwa mtoto. Uliza yeyote aliyekulia huku kwetu Kwale miaka ya tisini. Mkubwa akisema "weka ile nyengine," mdogo kuliko wote ndiye aliyeinuka mkekani. Picha ikianza chenga, mwingine alitoka nje kuzungusha mlingoti wa antena, na mazungumzo yakapita dirishani: "Imeshika?" "Bado!" "Na sasa?" "Hapo hapo, usiguse!" Ukiondoa mkono, picha nayo inaondoka.

Nyumbani kwetu, aliyesema "weka" alikuwa bibi. Hakujua runinga inafanyaje kazi na hakuwa na haja ya kujua. Sauti yake ilitosha.

Ukitazama historia, rimoti ilichelewa kwetu kwa sababu nzuri tu. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa karibu miaka thelathini kituo kilikuwa kimoja cha serikali. Rimoti ya nini, wakati pa kuhamia hapapo? Ni mpaka KTN ilipoanza Nairobi mwaka 1990, kisha vituo vingine vikafuata, ndipo watu walipoanza kugombania cha kutazama.

Marekani walikuwa wameshaanza ugomvi huo kitambo. Mwaka 1950 kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa rimoti iliyounganishwa na runinga kwa waya mrefu, na watu wakawa wanajikwaa sebuleni. Mwaka 1955 mhandisi wao Eugene Polley akatengeneza nyingine iliyotumia mwanga kama tochi. Tatizo likawa jua: miale ikiingia dirishani, chaneli zinaweza kubadilika zenyewe. Hebu fikiria kifaa hicho na jua la Diani la saa tisa mchana! Mwaka uliofuata mwenzake, Robert Adler, akaja na rimoti isiyohitaji hata betri. Ukibonyeza, nyundo ndogo inagonga kijiti cha alumini, na runinga inasikia mlio ambao sikio la binadamu halisikii.

Rimoti tunazotumia leo nyingi zinatumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Ukitaka kuuona, fungua kamera ya simu, ielekezee rimoti kisha ubonyeze. Kwa simu nyingi utaona kitaa cha mbele kikimetameta zambarau. Kule kumetameta ni lugha, na hapa ndipo shida ilipoanzia, manake kila kampuni ilijitungia lugha yake. Rimoti ya runinga hii ikiongea na ile, ni kama kumpigia kelele mgeni kwa lugha asiyoijua.

Ndiyo sababu mwaka 1985 Philips, kwa jina la Magnavox, ikatoa rimoti ya kwanza ya kutumia na vifaa vya kampuni tofauti. Miaka miwili baadaye Steve Wozniak, yule mwasisi mwenza wa Apple, akatoa ya kwake iliyoweza kufundishwa lugha ya rimoti nyingine. Ilikuwa na akili nyingi, lakini kuipanga kulihitaji mtu mwenye akili kama za Wozniak. Wangapi wako hivyo Bongwe? Wangapi wako hivyo hata Chicago?

Kwetu rimoti zilizidi ghafla, na wengi tunakumbuka wakati wenyewe. Februari 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa huku wenye vituo wakizozana na serikali, KTN, NTV, Citizen na QTV zilikaa zaidi ya wiki mbili bila kuonekana. Ziliporudi, runinga ya zamani bila king'amuzi ilikuwa kabati tu. Watu wakanunua ving'amuzi, na kila king'amuzi kilikuja na rimoti yake. Ongeza ya runinga yenyewe, ongeza ya sabufa ya mjomba. Kwa bibi zikawa tatu mezani, zote nyeusi, zote zimevishwa nailoni zisiingie vumbi. Mashine ikawa haisikii tena sauti ya mtu. Inataka ujue kitufe.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia nikamkuta ameketi mbele ya kioo cha buluu chenye maandishi ya Kizungu. Alikuwa amebonyeza kitufe kimoja kwenye rimoti isiyo yake, runinga ikaacha kusoma king'amuzi.

"Imekuwa hivi tangu lini, bibi?"

"Siku tatu."

"Na mbona hukunipigia?"

"Sikutaka kuwasumbua, mwanangu. Mna kazi zenu."

Siku tatu bila taarifa ya habari ya saa moja, mtu ambaye zamani alisema neno moja tukaruka watoto watano. Nilirekebisha kwa sekunde mbili, na hizo sekunde mbili ndizo zilizoniuma.

Kesho yake nikaenda Ukunda kutafuta rimoti moja ya kila kitu. Muuzaji akanitolea ya vitufe hamsini na kitu, akaisifu kwamba inaendesha mpaka feni. Nikamwambia nataka ya bibi. Akacheka, kisha akafikiri kweli. Tukakubaliana: vitufe vichache na vikubwa; iwe inajifunza, yaani unaielekeza uso kwa uso na rimoti ya zamani, unabonyeza huku na huku, imeshika, bila kutafuta namba kwenye kijikaratasi kitakachopotea; na zaidi ya yote, isisahau ukitoa betri. Hilo tulilijaribu pale pale dukani. Tulitoa betri, tukahesabu mpaka mia, tukarudisha. Nililipa shilingi 400.

Najua utaniambia simu yako ina infraredi na inafanya yote hayo. Sawa. Lakini wewe ukipanda matatu kurudi mjini, rimoti imepanda nawe.

Nilifundisha vitufe vinne tu: kuwasha, sauti, chaneli na kuzima. Bibi akaishika, akaigeuza, akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Na betri zikiisha?" Nikamwonyesha kifuniko. Akakifungua na kukifunga mara tatu mwenyewe, akakataa nimsaidie. Zile rimoti nyengine tukaziweka kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati.

Juzi nilimpigia simu jioni, nikaamkia. Nyuma yake nikasikia sauti ya msomaji habari ikipungua kidogo, halafu ikapanda tena.

"Nipigie saa mbili," akasema bibi. "Taarifa haijaisha."

Akakata.